Changu hawagusi chambo? Kuvua mshipi Tanga masika yakiisha na kusi ikiingia

Kuanzia Mei hadi Julai malalamiko ni yale yale kwenye mialo ya Sahare na Deep Sea: chambo kinashuka, kinarudi kama kilivyoshuka. Samaki wapo. Ila mito ya Sigi na Mkulumuzi imemwaga tope ghubani, bahari inapoa kutoka nyuzi 29 au 30 za Machi kuelekea 25 au 26 za Agosti, na changu aliyekuwa akikivamia chambo sasa anakinusa, anakidonoa, anakiacha. Kuhama mwamba kila nusu saa hakusaidii. Kinachosaidia ni chambo kidogo, uzi mwembamba, na nanga iliyotiwa mahali pake.

Hatua ya 1: Siku

Hesabu kwa mwezi mwandamo. Tarehe 11 hadi 13 na 26 hadi 28 ndizo za kwenda: mkondo upo lakini haujawa mkali. Bamvua lenyewe (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) waachie wenye nyavu, na maji mafu (yasiyojaa wala kupwa sana) ni kukaa tu. Katika tarehe hizo maji huanza kujaa asubuhi mapema na kufika juu mchana. Dakika zenyewe zitazame kwenye jedwali la maji. Vua maji yakijaa, maana ndiyo yanayosukuma maji safi ya bahari kuu kuja ghubani. Yakipwa yanakuletea tope la mtoni.

Leseni unayo. Maziwe na Ulenge ni maeneo tengefu, usishushe mshipi huko. Kwingineko ulizia kwanza kwa BMU ya eneo, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe.

Hatua ya 2: Mshipi

Nailoni isiyo na rangi, milimita 0.50, na mbele yake pima moja (karibu mita 1.8) ya milimita 0.35. Ile ya kijani nene inayouzwa kwa uzito ni ya kufungia mzigo. Chubwi, yaani risasi ya kuzamishia uzi, liwe la kutobolewa katikati, liteleze juu ya mshipi mnene, lizuiwe na shanga ya plastiki kwenye fundo la kuungia. Changu akivuta, anavuta uzi, hasikii uzito wa risasi. Gramu 60 zinatosha mkondo ukiwa mwepesi. Beba na la 120.

Ndoana moja tu, namba 4. Ya 1/0, iliyo kubwa zaidi, ni ya Februari.

Hatua ya 3: Chambo

Ngisi mbichi, ukanda wa upana wa sentimita moja na urefu wa sita, utobolewe mara moja tu kwenye ncha ili mkia ucheze. Ukiukunja mara tatu kwenye ndoana unazunguka kama parafujo na kuusokota uzi. Kamba aliyemenywa anafaa pia, lakini samaki aitwaye kikande humla kabla changu hajafika.

Nusu kilo ya dagaa waliopondwa, wachanganye na mchanga, tia kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu pamoja na jiwe, uushushe hadi chini kutoka omo (mbele ya chombo). Harufu iwaite, lakini usiwashibishe.

Hatua ya 4: Nanga

Hapa ndipo asubuhi nzima hupotea. Majira haya changu hawazagai juu ya mwamba. Hukaa ukingoni, matumbawe yanapokutana na mchanga, na ukanda huo pengine haufiki mita tano kwa upana. Chambo kikianguka mita kumi pembeni, hakuna atakayekifuata.

Tafuta ukingo kwa chubwi zito lililopakwa sabuni ya kipande kwenye tako. Lishushe, ligonge chini, lipandishe ulitazame. Chembe zimenata: mchanga. Sabuni imekwaruzwa na haina kitu: mwamba. Ukipata mchanga upande mmoja wa chombo na mwamba upande wa pili, umefika. Pima kina hapo hapo na uchukue alama mbili za nchi kavu zilizopangana, kwa mfano mnara wa simu nyuma ya mnazi mmoja unaoujua.

Sasa hesabu. Kina kikiwa pima saba, karibu mita 13, kamba ya nanga iwe mara tatu, yaani kama mita 40. Chombo kikitulia kitakuwa mita 35 hivi kutoka nanga ilipo. Ongeza mita 10, kwa sababu chombo kinatakiwa kikae upande mkondo unakotoka, chambo kikishuka kisukumwe hadi ukingoni. Kwa hiyo nanga itie mita 45 kabla ya ukingo, mchangani. Ukiitia juu ya matumbawe unavunja nyumba ya samaki wako, na mara nyingi nanga yenyewe hairudi.

Mkondo unatoka wapi? Wengi hutupa kipande cha kumbi la nazi na kukifuata kwa macho. Baada ya masika kumbi linadanganya: maji ya mto, kwa kuwa ni mepesi, hutoka juu juu kuelekea nje, wakati maji ya chumvi yanaingia chini yake. Amini mlalo wa mshipi wenye chubwi, si kinachoelea.

Halafu upepo. Kabla ya saa 3 asubuhi umande, upepo mwepesi wa alfajiri, hutoka nchi kavu na kusukuma chombo nje, huku maji yakikirudisha ndani. Chombo kinapanda juu ya nanga yake na mshipi unaingia chini ya mkuku. Tia jiwe la kilo 10 kutoka tezi (nyuma ya chombo), kamba ya tezi uibane, kisipate nafasi ya kutembea. Umande ukikata na kusi ikishika, chombo kinasukumwa kaskazini. Ule mnara utauona umechomoza pembeni ya mnazi. Usijiambie ni kidogo tu. Ng'oa jiwe, legeza au vuta kamba mpaka alama zipangane tena. Zikague kila robo saa.

Hatua ya 5: Kungoja na kuvuta

Chubwi likigusa chini, liinue nusu pima, lirudishe taratibu, kisha tulia. Uzi upite juu ya kidole cha shahada. Mdonoo wa sasa ni mdogo, kama mtu anayegusa uzi kwa ukucha. Usikwanyue. Mpe nusu pima ya uzi, ngoja uanze kutembea na kuwa mzito, ndipo uvute mfululizo bila kumpa nafasi, maana changu akinaswa hukimbilia mwambani.

Midonoo ya haraka haraka na ndoana kurudi tupu ni kikande; sogeza chombo kwa kulegeza kamba pima tatu. Uzi mwembamba ukikwaruza ukiupitisha midomoni, kata uweke mwingine. Dakika 40 bila mdonoo wowote, kagua nanga kabla ya kulaumu chambo.