Mteja akiomba P2, muulize pia kuhusu PEP

Naandikia wenzangu wa kemisti, hasa nyinyi mnaofunga usiku. Huku Kisauni, Mombasa, wiki haiishi bila mtu kuja akisema kondomu imepasuka na anataka P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. PEP nayo ni dawa za kuzuia HIV baada ya mtu kuwa kwa hatari.

1. Mtoe kwa kaunta. Watu wa Panadol wakiwa nyuma yake hatakwambia ukweli.

2. Mpe P2 yake, lakini mwambie wazi kwamba hiyo ni ya mimba, virusi vya HIV haizuii.

3. Hesabu MASAA. PEP lazima ianze ndani ya masaa 72, na ikianza mapema ndo bora zaidi. Usikubali neno "juzi", uliza siku gani, saa ngapi, andika kwa karatasi mhesabu pamoja. Jumamosi moja jioni dada mmoja aliniambia ilikuwa juzi usiku, nikamwandikia aende kliniki ya CCC (ya huduma za HIV) na mimi sikuwa nimeuliza kama wako wazi, kumbe wamefunga mpaka Jumatatu. Alirudi kwangu Jumatatu asubuhi akilia, masaa 72 yashapita, na mpaka leo inaniuma. Sasa simtumi mtu mahali kabla sijapiga simu nikasikia dawa iko, na wikendi ni kazualti ya hospitali moja kwa moja. Kama amebakwa, aende hospitali saa hiyo hiyo, asioge, asifue nguo. Na tafadhali usimuuzie vidonge viwili vitatu vya ARV (dawa za HIV) ati ajaribu, PEP ni dozi kamili.

4. Apimwe. Mimi napenda kipimo cha damu ya kidole kuliko cha ufizi, lakini chochote kilichopo kitumike. Mweleze kwamba negative ya leo haisemi kitu kuhusu jana usiku, na kipimo kikichelewa dawa isingoje.

5. Siku 28, kila siku, hata akijiona mzima. Muulize anameza nini kingine, maana dolutegravir, moja ya dawa za PEP, haipatani na dawa za asidi za tumbo, ayoni (madini ya chuma) wala kalsiamu: aimeze masaa 2 kabla yake au 6 baadaye.

6. Kama hatari hiyo inajirudia, mwanzishie mazungumzo ya PrEP (dawa za kujikinga na HIV kabla ya hatari) kabla zile 28 hazijaisha, asikae katikati bila kinga.

7. Akikubali, chukua namba yake. Siku ya 3 namtumia meseji tu "dada, uko sawa?" bila kutaja dawa, kwa sababu sijui nani mwingine anashika hiyo simu.