Somo: Kugawa jimbo kwa maharage na jedwali la sensa

Shikamooni wakubwa. Mei 2025 Mbeya Mjini ilipogawanywa na jimbo la Uyole likazaliwa, kila kijiwe hapa jijini kilikuwa na ramani yake. Kabla ya ramani, hesabu.

1. Tafuta wastani. Sensa ya 2022 ilikuta watu 59,851,347 Tanzania Bara, yenye majimbo 222. Gawanya: kama 269,600 kwa jimbo.

2. Pima eneo lako. Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 541,603, yaani wastani mara mbili na chenji kidogo. Mbunge mmoja alikuwa amebeba mzigo wa wawili.

3. Panga kata. Kazi yenyewe iko hapa. Chora kata zote kwenye manila, kila watu 1,000 uwawekee punje moja ya maharage. Jiji zima linakula punje 540 na ushee, kwa hiyo usitumie ya kupika jioni. Kinachosogezwa ni mpaka wa majimbo mawili, hadi punje za pande zote zikaribiane. Punje haihami kata yake. Na kata zishikane. Mara ya kwanza nilisawazisha mpaka nikajisifu, kumbe kata moja nimeiacha kisiwani, imezungukwa na jimbo la pili. Nikaanza upya.

4. Kwenye idadi ya watu wa kila jimbo punguza wastani, gawanya kwa wastani, zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia ya tofauti.

MASWALI

Wa Mafinga: Mwalimu, Mkoa wa Iringa tuko 1,192,728 kwa majimbo 7, kama 170,000 kila moja. Mkoa wa Mbeya ni 2,343,754 kwa majimbo 8, karibu 293,000. Haki iko wapi?

Jibu: Umepiga sawasawa. Ibara ya 75 ya Katiba inataka Tume ya Uchaguzi itazame pia mawasiliano na jiografia, na aliyepita Kilolo masika haulizi kwa nini. Ila kwangu pengo hilo ni kubwa mno. Milima haiwezi kubeba lawama yote.

Mama wa Tukuyu: Si tutumie daftari la wapiga kura tu, mwanangu?

Jibu: Hapana mama. Mbunge anamwakilisha hata mtoto wa mgongoni, na daftarini hayumo.

Wa Mbarali: Na vibarua wa mashamba ya mpunga?

Jibu: Ndugu, sensa yetu humhesabu mtu alikolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, safari ile Agosti 23. Aliyelala Ubaruku ni punje ya Ubaruku, hata kama mke na watoto wako Makete.