SOMO: Kujenga programu kwa njia ya maporomoko, hatua kwa hatua

Wakuu, salaam. Nitaeleza kwa kutumia kazi niliyoifanya mwenyewe: programu ya mikopo ya chama cha kuweka na kukopa, ambacho hesabu zake zote zilikuwa kwenye madaftari.

Maporomoko maana yake kazi inashuka ngazi kwa ngazi. Hatua moja ikishakamilika na kusainiwa ndipo unaanza inayofuata, na hutegemei kurudi juu. Mchoro wake unaofundishwa vyuoni unatokana na makala ya Mmarekani Winston Royce ya mwaka 1970. Neno "maporomoko" hakulitumia. Tena alionya kwamba kushuka hivyo bila kurudi nyuma ni hatari, kwa sababu majaribio yanakuja mwishoni kabisa. Mchoro ukapendwa, onyo likaachwa.

Hatua ya 1: Mahitaji. Hapa ndipo mtu asiwe na haraka. Kaa na anayeshika kalamu kila siku, yaani mhazini au karani, usiishie kwa mwenyekiti. Usiombe maelezo, omba daftari.

Mimi niliishia kwa mwenyekiti. Akaniambia: "Riba yetu asilimia 12 kwa mwaka." Nikaandika hivyo hivyo, akasaini, nikasaini. Sikuuliza: asilimia 12 ya nini? Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12. Ukitoza riba kwenye mkopo wote mpaka mwisho, inakuwa 144,000. Ukitoza kwenye salio linalobaki kila mwezi, huku mkopaji akipunguza 100,000 kila mwezi, inakuwa 78,000. Mimi nilijenga ya kwanza. Chama kilikuwa kinatumia ya pili. Karatasi ilikuwa na sahihi zote, hesabu ndiyo haikuwa sahihi.

Tangu siku hiyo, kila hitaji naliandika na mfano wake wa namba, uliofanywa kwa mkono na mteja mwenyewe.

Hatua ya 2: Usanifu. Chora majedwali ya data (mwanachama, mkopo, rejesho) na jinsi yanavyoungana. Chora na kurasa za programu kwa penseli, umpe karani "abonyeze" kwa kidole. Utashangaa atakavyokukosoa bila aibu kwa sababu ni karatasi tu.

Hatua ya 3: Kuandika kodi. Kodi za kompyuta, si zile za TRA. Kama hatua mbili za juu zimekaa vizuri, hapa sina la kuongeza.

Hatua ya 4: Majaribio. Usibuni data. Chukua mikopo ishirini iliyokwisha lipwa, iingize upya, linganisha na daftari shilingi kwa shilingi. Hapa ndipo mhazini alipovuta kikokotoo chake, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hii riba ni ya nani?" Kurekebisha kulinilazimu nirudi kwenye majedwali, ratiba za marejesho na ripoti zote. Wiki tano.

Hatua ya 5: Kuanza kutumika. Daftari na programu viende pamoja miezi miwili. Daftari lisifungwe kabatini mapema.

Hatua ya 6: Matunzo. Andika kwenye mkataba ni miezi mingapi, la sivyo utapigiwa simu mpaka siku ya harusi yako.

MASWALI YA WASOMAJI

*Mkuu, mteja akibadilisha mawazo katikati?*
Usimkatalie. Mpe karatasi ya mabadiliko: anataka nini, siku ngapi zinaongezeka, shilingi ngapi. Akisaini, endelea. Nusu ya mabadiliko hufia kwenye mstari wa shilingi.

*Siku hizi si kila mtu anafanya Agile? Hii si ya wazee?*
Agile ni kujenga kwa vipande vidogo vidogo, mteja akiangalia na kukosoa kila kipande. Tamko lake liliandikwa Utah, Marekani, mwaka 2001 na watu 17 waliochoshwa na nyaraka nzito. Kama mteja anapatikana kila wiki na bado hajui anachotaka, nenda huko. Lakini zabuni yenye bei na tarehe iliyofungwa itakudai mahitaji yote kabla ya kuanza, upende usipende. Hata hivyo Royce mwenyewe alishauri programu mpya ijengwe mara mbili, ya kwanza iwe ya kujifunzia. Mimi sasa najenga kipande kidogo cha hesabu ngumu kabla ya kusaini chochote.

*Zile wiki tano nani alizilipa?*
Mimi. Nilimwonyesha mwenyekiti karatasi yenye sahihi yake, naye akaisoma kwa sauti: "Asilimia 12 kwa mwaka." Akaniuliza, "Sasa hapo nilidanganya wapi?" Sikuwa na jibu. Alininunulia chakula cha mchana.