Goti limevimba bila kuteguka? Kumbuka tumbo la mwezi uliopita

Kama kiungo ni cha moto, una homa kali na mguu haukanyagiki, acha kusoma, nenda hospitali leo hii. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, nao hukiharibu kwa siku chache tu.

Kama hali si hiyo, kabla ya kumwona daktari hesabu siku. Wiki moja hadi nne nyuma, uliharisha? Mkojo ulikuchoma? Kuna baridi yabisi inayofuata maambukizi: bakteria kama salmonela, shigela au klamidia (hii huambukizwa kwa ngono) hupita tumboni au kwenye njia ya mkojo, unapona na kusahau, kisha kinga ya mwili inavishambulia viungo. Daktari anayeoneshwa goti peke yake hawezi kuijua habari ya tumbo usipomwambia. Klamidia hata huweza kukaa kimya bila dalili, kwa hiyo kama umepata mpenzi mpya, sema. Najua ni aibu kulitamka mbele ya foleni. Omba faragha, lakini litamke.

Kisha kagua miguu. Ugonjwa huu hushika zaidi goti, kifundo na kisigino, tena mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine. Kidole cha mguu huweza kuvimba chote, shina hadi ncha, kama soseji, kiatu cha jana kikagoma kuingia. Alfajiri mgonjwa anashuka kitandani, kisigino hakigusiki sakafu, anakwenda chooni kwa ncha za vidole huku akishika ukuta. Akishatembeatembea, maumivu yanalegea. Andika huo ugumu wa asubuhi ulidumu dakika ngapi.

Macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, magamba kwenye nyayo: vyote vitaje, hata kama haviumi. Jicho linalouma na kukimbia mwanga lisingoje, wala usilitilie dawa ya kubahatisha.

Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha, ndiyo maana maelezo yako yana uzito. Daktari anaweza kuvuta maji ya goti, kupima damu na mkojo. Akikushauri kupima VVU, kubali. Afrika ugonjwa huu umeonekana sana kwa wanaoishi na virusi hivyo.

Goti usilichanje, na usimeze antibayotiki zilizobaki nyumbani, kwani huficha maambukizi yanayotafutwa. Kama umeshameza, beba pakiti zake.