Somo: Kumpima mrushaji wa kriketi ya Testi kwa kalamu na karatasi

Jirani zetu wa Rwanda wana uwanja wa Gahanga pale Kigali tangu 2017, lakini Testi, yaani mechi ya kimataifa ya hadi siku tano, huchezwa na timu 12 tu, na Rwanda haimo. Sisi wa Goma na Bukavu tunamjua mrushaji kupitia kadi ya mchezo kwenye simu. Ndiyo maana ubishi hauishi: Muralitharan wa Sri Lanka ana wiketi 800, yaani ametoa wapigaji mara 800, basi amewashinda wote! Wingi wa wiketi kwanza unaonyesha umri wa kazi. Anderson wa Uingereza alipata 704 kwa Testi 188, Marshall wa West Indies 376 kwa Testi 81. Tuanze hesabu.

Hatua ya 1: soma mstari wake. Ukiona 28-6-84-4, ni ova 28 (ova moja ni mipira sita), sita kati yake hazikutoa mkimbio (pointi), mikimbio 84, wiketi 4. Toa namba tatu:
- Wastani: 84 ÷ 4 = 21. Ukiwa mdogo ndiyo bora.
- Mipira kwa wiketi: 28 × 6 = 168, kisha 168 ÷ 4 = 42.
- Mikimbio kwa ova: 84 ÷ 28 = 3.

Jihakiki: 42 × 3 ÷ 6 = 21. Isipolingana, tazama nukta kwanza. Ova 20.4 ni ova 20 na mipira minne, yaani mipira 124. Anayezidisha 20.4 kwa 6 anapata 122.4, na hakuna mpira nusu. Mpigaji aliyetolewa akiwa anakimbia haandikwi kwa mrushaji, usimhesabie.

Namba ya tatu, mikimbio kwa ova, ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Katika Testi mrushaji hawekewi kikomo cha ova, na kwa kawaida ushindi unadai wiketi 20. Anayebana mikimbio bila kumtoa mtu anasaidia wenzake, lakini peke yake hamalizi mchezo.

Hatua ya 2: jumlisha kabla ya kugawa. Mechi moja wiketi 1 kwa mikimbio 60, nyingine wiketi 5 kwa 50. Wengi wanachukua 60 na 10, wanagawa kwa mbili, wanapata 35. Si kweli. Ni 110 ÷ 6, yaani 18.33.

Hatua ya 3: kazi iwe ndefu. Mwenye wiketi 20 kwa wastani wa 25 akitoa mikimbio 120 bila wiketi anaruka hadi 31. Mwenye wiketi 300 kwa wastani huohuo anafika 25.4 tu. Chini ya wiketi 100 mimi sibishani na mtu.

Hatua ya 4: mlinganishe na waliorusha kwenye mechi zilezile. Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. George Lohmann wa Uingereza ana wastani wa 10.75 kwa wiketi 112. Alicheza kati ya 1886 na 1896, pichi (ukanda wa ardhi mpira unapodundia) hazifunikwi mvua ikinyesha, na wapigaji walikuwa wanateseka mbele ya kila mrushaji. Ukimweka juu ya Marshall mwenye 20.94 kwa namba hiyo tu, umepima matope.

Fanya hivi: chukua mechi alizocheza, jumlisha mikimbio na wiketi za warushaji wengine wote, wa pande zote mbili, upate wastani wao. Gawa wake kwa wao. Mwenye 24 penye wenzake 36 anapata 0.67. Mwenye 21 penye wenzake 24 anapata 0.88. Wa kwanza ni bora, hata kama kadi inasema kinyume.

Hatua ya 5: mtoe nyumbani. Mwenye chukudu (baiskeli ya mbao) hasifiwi kwa mwendo wa kuteremka kutoka Kibumba. Kumble ana wastani wa 24.88 nyumbani India, na 35.85 ugenini. Muralitharan mwenyewe alipata wiketi 12 tu Australia, kwa wastani wa 75.41. Upande wa pili, Marshall alienda India 1983, pichi zisizopenda warushaji wa kasi, akachukua wiketi 33 katika Testi sita.

Hatua ya 6: aliwatoa nani? Tenga wapigaji wa namba 1 hadi 7 na wale wa 8 hadi 11, ambao kwa kawaida ni dhaifu. Wa mwisho wakizidi theluthi ya wiketi zake, punguza sifa.

Ukipata picha za video, mtazame kati ya ova ya 40 na ya 80, mpira umechakaa na mpya bado haujaruhusiwa. Je, mrushaji wa kasi bado anadundisha mita 6 hadi 8 kutoka kwenye vijiti vya mpigaji, au ameanza kurusha fupi kwa uchovu?

Maswali ya wanachama

*Kadutu, Bukavu:* Mwalimu, Murali ana wiketi 6 kwa mechi, Marshall 4.6. Hiyo haitoshi?

*Jibu:* Haitoshi, ndugu. Murali alirusha mipira 44,039, kama 331 kwa kila Testi. Marshall 17,584, kama 217, na wiketi aligawana na wenzake wa timu, Holding na Garner. Kwa mipira, Marshall alihitaji 47 kupata wiketi moja, Murali 55. Ila kubeba mzigo ule miaka 18 nako ni ubora, usiufute.

*Katuba, Lubumbashi:* Yaya, kadi za zamani za Australia hesabu zinanikataa.

*Jibu:* Kule ova ilikuwa na mipira 8 kuanzia msimu wa 1936–37 hadi 1978–79. Zidisha kwa 8, na unapolinganisha tumia mikimbio kwa mipira 100.

*Himbi, Goma:* Mpira ukiangushwa na mdakaji, tumwongezee mrushaji wiketi?

*Jibu:* Hapana. Andika pembeni tu. Kwa mechi nyingi tofauti inapungua, isipokuwa timu yake ina wadakaji wabovu miaka yote.

*Bagira, Bukavu:* Warushaji wa kasi na wa kuzungusha mpira tuwapime pamoja?

*Jibu:* Watenge, papa. Wa kuzungusha hupata msaada siku ya nne na ya tano, pichi ikishapasuka. Tafuta wastani wake katika zamu ya kwanza ya mchezo. Warne wa Australia, wa kuzungusha, alimtoa Gatting wa Uingereza mwaka 1993 siku ya pili tu, kwa mpira wake wa kwanza wa mfululizo ule wa mechi huko Uingereza.