Kikosi cha vizibo: tengeneza mwenyewe mchezo wa mezani wa watu wenye nguvu za ajabu

Anayecheza bao anaijua nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji. Mashimo mengine hayakupi hiari: kete ya mwisho ikidondokea penye kete, unakula au unaendelea. Nyumba peke yake, unapokula wakati wa namua (hatua ya kwanza, kete zikiwa bado zinaingizwa), inakuuliza: unalala, yaani unaishia hapo, au unasafiri, yaani unazibeba kete zake na kuendelea? Na ukishaisafirisha, basi, inageuka shimo kama mengine.

Nimekuwa nikibuni mchezo wa visanamu barazani kwetu Temeke kwa miaka minne hivi. Ilinichukua miwili ya kwanza kugundua kwamba nilichokuwa nakihangaikia kilikuwa kimelala mbele yangu kila jioni. Nguvu ya ajabu si namba kubwa. Ni ruhusa ya kuvunja sheria moja ambayo wengine wote wanaifuata, na ruhusa hiyo ina bei yake. Mengine yote utakayosoma hapa chini yanatoka hapo.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo wa aina hii: hakuna miraba kama ya dama. Kuna meza, vizuizi, visanamu, rula na dadu. Unamsogeza mtu wako kwa kupima, unapiga kwa kurusha dadu. Asili yake ni ya kijeshi, maofisa wa Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, walikuwa wakijifunzia vita mezani tangu 1824, lakini wao walikuwa na vikosi vizima. Sisi tunataka watu wanne kwa wanne, mmoja anapaa, mwingine ananyanyua daladala.

Hatua ya 1: Vifaa, na usizidishe

Visanamu vya plastiki vya dukani vina urefu wa milimita 28 hadi 40 na ni ghali. Anza na vizibo vya soda. Kizibo kina upana wa karibu sentimita 3, kinakaa vizuri mezani. Kata picha ya mtu kwenye kadibodi, ikunje miguuni, igundishe juu ya kizibo. Dadu chukua za ludo, angalau 10. Uwanja uwe sentimita 90 kwa 90. Meza ya chakula inatosha. Ya kupimia nimetumia futi ya fundi cherehani mpaka leo, kwa sababu inapinda kwenye kona na rula haipindi.

Usipake rangi chochote kwa sasa. Nilipaka vikosi viwili kabla sijaandika sheria hata moja, na watu watatu kati ya wale hawakuwahi kucheza.

Hatua ya 2: Andika sheria za mtu asiye na nguvu yoyote

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunaanza na mwanamke anayerusha radi, halafu tunamtafutia sheria. Anza na mpita njia. Anatembea sentimita ngapi? Anaona mpaka wapi? Anapanda ukuta? Akipigwa inakuwaje?

Wangu yuko hivi: Mwendo sentimita 15, Kupiga dadu 4, Kinga dadu 3, Uhai 6. Kila raundi anafanya vitendo viwili: kusogea, kupiga, kunyanyua kitu au kumsaidia mwenzake. Hapiti kwenye kitu kirefu kuliko kiuno chake. Hampigi asiyemwona. Hampigi kwa mkono aliye mbali zaidi ya sentimita 3.

Sheria hizi ziishie nusu ukurasa, na zichezwe. Ndiyo, chezesha mechi nzima ya wapita njia wanaopigana ngumi. Itachosha, lakini itakuonyesha kama mifupa imekaa sawa. Sheria isiyokaririka haina faida kuivunja, kwa sababu mchezaji wa upande wa pili hatahisi kitu pale unapoivunja.

Hatua ya 3: Dadu, na hesabu kidogo tu

Mpigaji anarusha dadu zake za Kupiga, anayepigwa anarusha za Kinga. Dadu ikitoa 4, 5 au 6 imelenga. Kila iliyolenga ya kinga inafuta moja ya mpigaji, na zinazobaki zinapunguza Uhai. Ni hayo tu.

Kwa nini nimechagua njia hii na si kujumlisha dadu mbili? Kwa sababu dadu mbili zinadanganya. Ukihitaji jumla ya 7 au zaidi, nafasi yako ni asilimia 58. Ukihitaji 10 au zaidi, inashuka hadi 17. Nyongeza ya "moja tu" pale katikati ni kubwa mno, pembeni ni ndogo, na mbunifu mgeni hajui anagawa nini.

Kwa dadu nyingi za nusu kwa nusu, mambo yanakwenda kwa upole. Dhidi ya Kinga 3, nafasi ya kumjeruhi mtu inapanda hivi: Kupiga 4 ni asilimia 50, Kupiga 5 ni 64, 6 ni 75, 7 ni 83, 8 ni 89. Umeona? Kila dadu inayoongezwa ina faida ndogo kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo hata ukimpa jitu lako dadu 8 halitakuharibia mchezo, na mnyonge wa dadu 4 hakati tamaa.

Angalia pia mechi itachukua muda gani. Kupiga 4 kwa Kinga 3 kunaondoa Uhai 0.8 kwa wastani, maana yake mtu wa Uhai 6 anaanguka baada ya mapigo 7 au 8. Watu wanne, vitendo viwili, raundi sita: kila upande una vitendo 48. Nusu yake vikiwa vya kupiga, mechi inaisha wakati wengi wameshaanguka, kama saa moja hivi. Mwanzoni niliweka Uhai 12. Tulikuwa tunalala njaa.

Hatua ya 4: Zamu za kupokezana

Usimruhusu mchezaji mmoja kuchezesha kikosi chake chote ndipo mwenzake aanze. Kwa majeshi makubwa inaweza kupita, lakini kwa watu wanne anayeanza anaweza kumwangusha mmoja kabla hujagusa kizibo. Mimi namchezesha mmoja, wewe mmoja, mpaka wote waishe.

Lipo tatizo moja hapo. Ukileta majitu mawili dhidi ya watu watano, wewe unamaliza zamu zako mapema na mwenzako anawachezesha watatu wa mwisho mfululizo bila kujibiwa. Dawa: mwenye watu wachache apewe kete za "napita" sawa na tofauti ya idadi. Hapo zitakuwa tatu. Kila kete anaitumia kusema "cheza wewe kwanza". Ni sheria ya mstari mmoja, na imeniokoa.

Hatua ya 5: Sasa vunja

Chukua karatasi ya Hatua ya 2 na kalamu nyekundu. Pitia sheria moja moja ukijiuliza: nani haifuati hii?

Hapiti kwenye vitu virefu? Kipepeo anapita. Hampigi asiyemwona? Bibi Mwangwi anasikia, anampiga yeyote ndani ya sentimita 20 hata nyuma ya ghorofa. Vitendo viwili kwa raundi? Mwendokasi ana vitatu. Anayepigwa anapungukiwa Uhai? Nguzo, mtu wa zege, anaweza kuhamishia pigo kwenye ukuta anaougusa, na ukuta unabomoka badala yake. Huyu wa mwisho nampenda kuliko wote, kwa sababu anamlazimisha mchezaji kufikiria asimame wapi.

Mtu mmoja asivunje zaidi ya sheria mbili. Tatu ni nyingi. Mchezaji anasahau, kisha mnagombana.

Kisha bei. Kila mtu anapata maharage mawili mwanzo wa raundi, hiyo ndiyo nishati yake, na hayawekwi akiba. Nguvu ndogo inakula harage moja, kubwa mawili. Zipo nguvu za mara moja kwa mechi, na hizo ndizo nilizozijenga kwa mfano wa nyumba: ukishasafiri hurudi.

Nguvu ya kuogopwa kuliko zote si ile unayoidhania. Nilikuwa na Bi Ganzi. Kwa harage moja anamgusa adui, na adui anakosa raundi nzima. Hana ngumi, hana kinga, niliona ni dhaifu. Alishinda karibu kila mechi, na vijana wawili wakaacha kuja. Ukihesabu utaelewa: kikosi cha wanne kina vitendo 8 kwa raundi, kumgandisha mmoja ni kufuta 2, robo ya kila kitu alichonacho mwenzako, bila hata kurusha dadu. Isitoshe, kukaa unatazama wenzako wakicheza si mchezo. Siku hizi Bi Ganzi anamnyang'anya adui kitendo kimoja, kwa maharage mawili, na lazima arushe dadu. Bado ni hatari.

Kwa hiyo pima kila nguvu kwa vitendo kabla ya kuipima kwa majeraha: inampa nani kitendo, inamnyima nani.

Hatua ya 6: Vitu virushwe, watu warushwe

Mchezo ambao mtu wa zege anapigana bila kuvunja hata kigae ni mchezo wa askari waliovaa nguo za rangi. Mandhari lazima yashiriki. Mimi napanga mtaa: boksi la dawa ya meno ni daladala, boksi la kiberiti ni bajaji, boksi la viatu ni ghorofa. Kila kitu kina Uzito. Pikipiki 1, bajaji 2, daladala 3, ghorofa haling'oki. Mtu mwenye Misuli, yaani namba ya nguvu zake za kunyanyua, sawa na Uzito au zaidi anakinyanyua na kukirusha sentimita 20. Kupiga kunakuwa dadu 3 ukiongeza Uzito, na kitu kinabaki pale kilipoangukia. Hilo la mwisho usilisahau. Daladala iliyorushwa raundi ya kwanza inakuwa kinga ya mtu raundi ya tatu, na uwanja unabadilika bila wewe kuandika sheria nyingine.

Na kusukumwa: dadu za mpigaji zilizolenga zikizidi zile za kinga kwa mbili au zaidi, aliyepigwa anarudi nyuma sentimita 10. Akigonga kitu, Uhai unapungua 1 zaidi. Kwa watu wa kawaida inatokea chini ya mara moja katika nne, na kila inapotokea watu wanasimama vitini.

Wako wanaotaka shujaa adhoofike kadiri anavyojeruhiwa. HeroClix, mchezo uliotoka Marekani mwaka 2002, ulilitatua hilo kwa gurudumu chini ya kisanamu: ukijeruhiwa unalizungusha, namba mpya zinajitokeza. Nilijaribu la kadibodi. Linalowa jasho. Nimebaki na kadi na penseli.

Hatua ya 7: Wape sababu ya kutoka kona

Lengo likiwa kuua tu, kila mtu atajificha nyuma ya ghorofa akisubiri. Weka raia sita katikati ya uwanja, vizibo vitupu. Upande mmoja unawatoa nje ya meza, pointi 2 kwa kila mmoja. Upande mwingine unataka kubomoa majengo matatu, pointi 4 kila moja. Kumwangusha adui ni pointi 1 tu. Ghafla anayekimbia ana thamani kuliko anayepiga, na Kipepeo aliyekuwa anadharauliwa anagombaniwa.

Hatua ya 8: Gharama, kisha majaribio

Mpita njia agharimu 10. Kila dadu ya ziada ongeza 2, kila nguvu ongeza kati ya 2 na 6 kwa kukisia. Kikosi kisizidi 50. Ni makisio, usiyatetee.

Halafu chezesha vikosi vilevile viwili mara 10, wachezaji wakibadilishana pande kila mechi. Kikosi kimoja kikishinda 7, usikimbilie kufuta: hata vikosi vilivyolingana kabisa, kimoja ulichokichagua kinaweza kufikisha 7 au zaidi kwa bahati tupu, asilimia 17. Kikishinda 9, hapo kuna jambo. Bahati ya hivyo ni asilimia 1 tu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukigusa vitatu hutajua kipi kilichotibu.

Wakati wanacheza, nyamaza. Wape karatasi, kaa pembeni, andika kila mahali wanapokwama au kubishana. Kila ubishi ni sentensi uliyoiandika vibaya, hata kama kichwani mwako iko wazi. Mimi kaka yangu alinifukuza barazani kabisa kwa sababu nilikuwa naonyesha kwa macho.

Ukifika mahali pa kutaka kuuza, ondoa majina na sura za mashujaa wa makampuni ya nje. Barazani hakuna anayejali, lakini sokoni ni mali ya watu. Na kusema kweli Nguzo na Bibi Mwangwi wanachekesha zaidi.

Hatua ya 9: Kadi tupu

Chapa karatasi mbili za sheria steshenari, zipigwe laminesheni, na uongeze kadi nne zisizoandikwa kitu. Mpe kila mgeni moja baada ya mechi yake ya pili.

Mwezi uliopita kijana wa nyumba ya tatu alirudisha yake ikiwa imeandikwa: "Konda. Akisema twende, rafiki yeyote ndani ya sentimita 15 anasogea papo hapo. Harage moja." Anavunja sheria ya zamu, anatoa kitendo kisichokuwepo. Nilimpa gharama ya 14. Amecheza mara tatu, ameshinda zote tatu, na wenzake wanadai apandishwe. Tatu kwa tatu hutokea mara moja katika 8 kwa bahati tu, kwa hiyo bei bado iko palepale. Jumamosi anacheza tena.