Pumzi ya Kumalizia: Kujiandaa kwa Mtihani wa Juu wa Baleti

Mtihani wa juu wa baleti huwaangusha wengi katika dakika za mwisho, mapaja yakiwa yamekaza, kifua kikipanda na kushuka, na mtahini kalamu bado iko mkononi. Kazi ya bari, ule ufito wa kushikilia, huja mwanzo, mtu akiwa na nguvu zake zote. Alegro kubwa, yaani miruko mikubwa, solo ya kucheza peke yako na kazi ya viatu vya ncha, vile vya kusimamia ncha za vidole, huja mwili ukiwa umeshatumika.

Sasa tazama watu wanavyojifua. Kila siku wanaanza mwanzo, na muda ukiisha kinachoachwa ni cha mwisho. Miezi mitatu ikipita, plie, ule mkunjo wa magoti, imepigwa msasa hadi inang'aa, lakini solo imechezwa mara chache, na aghalabu baada ya kupumzika vizuri. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ndio mzito kuliko yote: jifue kuanzia mkiani. Angalau siku mbili kwa wiki, pasha mwili moto, kisha nenda moja kwa moja kwenye solo na alegro kubwa. Bari itafuata baadaye.

Chora ramani ya mtihani wako

Chukua silabasi na daftari. Andika kila zoezi kwa mpangilio wake, muda wake kwa sekunde pamoja na muziki, na mapumziko yanayofuata. Pembeni weka alama ya uzito, 1 hadi 3. Ukimaliza utaona mahali ambapo mazoezi mawili au matatu ya uzito wa 3 yamefuatana. Hapo ndipo pumzi itakatika, na hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Hesabu pia utakuwa na wenzako wangapi ndani ya chumba. Mkiwa wanne na mnacheza wawiliwawili, unapata mapumziko kila zamu. Ukiwa peke yako, zoezi linafuata zoezi, na maandalizi yake ni mazito zaidi.

Kwa wanaofanya mitihani ya Royal Academy of Dance, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1920, ngazi za juu ni Advanced Foundation, Advanced 1 na Advanced 2. Alama 40 kati ya 100 ni kufaulu, 55 ni Merit, 75 ni Distinction. Anayelenga Distinction hana nafasi ya kupoteza alama kwa sababu ya kuhema. Uchovu hauli alama za mahali pamoja tu: unakula ufundi, muziki na uigizaji kwa wakati mmoja.

Kwa nini darasa peke yake halitoshi

Darasa la baleti ni la kucheza na kusimama. Unacheza dakika moja, unasubiri kundi la pili, unasikiliza maelekezo, unacheza tena. Moyo haukai juu kwa muda wa kutosha kuzoea. Solo ni kitu kingine kabisa: dakika moja na nusu hivi bila kituo, mapigo yakikaribia kilele. Mwili una akiba ya nguvu za papo kwa papo inayotosha kama sekunde 10. Baada ya hapo unachoma sukari kwa haraka, miguu inaanza kuwaka moto, na kadiri muda unavyosonga ndivyo unavyotegemea hewa unayovuta. Asiye na msingi wa pumzi huanza kuzama karibu na katikati ya solo, na hata kupona kati ya zoezi na zoezi kunamchukua muda mrefu.

Basi pumzi ijengwe nje ya darasa. Tenga wiki 12.

Wiki 5 za kwanza ni za msingi. Mara 3 kwa wiki, dakika 25 hadi 40 za kuogelea, kuendesha baiskeli au kukimbia polepole, kwa kasi inayokuruhusu kusema sentensi fupi bila kukwama. Ukitaka kupima, zidisha umri wako kwa 0.7, kisha toa jibu kwenye 208. Hicho ndicho kilele cha mapigo yako kwa makadirio. Mwenye miaka 17 anapata 196 hivi, na asilimia 70 hadi 80 yake ni mapigo 137 hadi 157 kwa dakika. Hesabu kwa vidole shingoni sekunde 15, zidisha mara 4. Mwenye maumivu ya muundi aache kukimbia, ashike baiskeli au maji. Moyo haujui tofauti, ila mifupa inaijua.

Wiki ya 6 hadi ya 9, punguza kazi hiyo iwe mara 1 na uweke vipindi vikali mara 2. Anza na sekunde 30 za nguvu na sekunde 30 za kutembea, mara 8; pumzika dakika 3, rudia seti nyingine. Kamba ya kuruka inafaa, na miruko ya darasani inafaa zaidi. Baada ya wiki mbili hamia kwenye solo yenyewe: icheze yote, pumzika dakika 2 kamili kwa saa, icheze tena, pumzika, malizia ya tatu. Wiki inayofuata mapumziko yawe sekunde 90, kisha 60. Usiyapunguze kama raundi ya tatu bado inavunjika umbo. Ukicheza vibaya kwa uchovu mara kumi, umeufundisha mwili kucheza vibaya.

Kila unapomaliza raundi, hesabu mapigo mara moja, kisha tena baada ya dakika moja, uyaandike. Jilinganishe na wewe mwenyewe wa wiki iliyopita: pengo kati ya namba hizo mbili likizidi kupanuka, kazi inaingia.

Dalili za pumzi kukatika, kwa mpangilio wake

Jipige video ukicheza solo baada ya alegro, kisha itazame bila sauti. Uchovu una mpangilio wake. Kwanza mabega yanapanda. Kisha vidole vya mikono vinatanuka na kukakamaa. Halafu plie inakuwa fupi, na hapa ndipo hasara ya kweli inapoanza: plie fupi inazaa mruko mfupi, mruko mfupi unakuchelewesha kwenye muziki, nawe unaharakisha kutua. Visigino havigusi tena sakafu, kelele ya kutua inaongezeka, na mzigo wote unabebwa na shavu la mguu na kano ya kisigino. Wengi wanaopata maumivu ya muundi wiki mbili kabla ya mtihani wamepitia njia hii hii.

Tiba yake ni kupanga pumzi kama unavyopanga mikono. Chukua mfululizo wa kawaida wa alegro ndogo: glisadi (hatua ya kuteleza), asamble (mruko unaotua kwa miguu yote pamoja), glisadi, asamble, antresha mbili (miruko ya kupishanisha miguu hewani), pa de bure (hatua tatu ndogo za haraka), kutua. Wengi huziba pumzi tangu glisadi ya kwanza na kuitoa mwishoni kwa mkupuo. Badala yake, toa hewa kwa midomo iliyolegea kila unapozama kwenye plie ya asamble. Toa tena katika plie iliyo kati ya antresha zile mbili. Kisha vuta ndefu kwa pua wakati wa pa de bure, pale miguu inapotembea na mikono inapofunguka. Andika "toa" na "vuta" kwenye daftari chini ya hatua zenyewe. Ifanye kwanza kwa mikono tu, kisha kwa mwendo wa nusu, ndipo kwa muziki kamili. Wiki mbili zinatosha pumzi kushika njia yake bila kukumbushwa.

Kwenye adajio, yaani kazi ya polepole, na kwenye kusimama kwa mizani ni vilevile. Ukiziba pumzi, mbavu zinakaza, na arabeski, ule mkao wa mguu mmoja ulionyooshwa nyuma, inatikisika. Acha hewa itoke polepole, mizani itakaa.

Miguu inayodumu

Zoezi la kisigino halina mbadala. Simama pekupeku kwa mguu mmoja, goti limenyooka, ncha za vidole vya mikono zikigusa ukuta. Panda kwa hesabu 2, shuka kwa hesabu 2. Lengo ni mara 25 kila mguu, ya 25 ikiwa na kimo kilekile cha ya kwanza. Bandika kipande cha utepe wa gundi ukutani, utosi ulipofika mara ya kwanza. Ukishindwa kukifikia, seti imeisha hata kama bado una nguvu za kuhangaika. Fanya seti 3, siku 3 kwa wiki, kisha ongeza seti moja ya goti lililokunjwa kidogo, maana ndiyo inayolenga msuli wa ndani unaokulinda wakati wa kutua.

Yanayoharibika hapa ni matatu: mwili kuegemea mbele, goti kulegea, na kifundo kuangukia upande wa kidole cha mwisho. Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mguu utaangukia hukohuko ukiwa kwenye viatu vya ncha.

Kwa adajio, inua mguu kwa mkono hadi kimo unachokitaka, uachie, ushikilie sekunde 5 bila kushuka. Mara 6 kila upande, mbele na pembeni. Nyonga ikipanda, teremsha mguu. Na usisahau mguu uliosimama. Mara nyingi huo ndio unaochoka kwanza, na mtu hubaki kuulaumu ulio hewani.

Gawa mizigo kwa siku. Enrico Cecchetti, mwalimu wa Kiitalia aliyeishi 1850 hadi 1928, alikuwa na kazi maalumu kwa kila siku ya juma, na hekima hiyo bado inafaa. Siku ya miruko mikubwa isifuatwe na siku ya viatu vya ncha vya muda mrefu. Siku moja kwa wiki iwe ya kupumzika kabisa.

Viatu vya ncha

Anza kuandaa viatu vya mtihani wiki 3 kabla. Uwe na jozi mbili zilizoshonwa riboni na lastiki, kila moja imevaliwa madarasa 2 au 3. Kiatu kipya kabisa kinagoma kukunja na kinapiga kelele. Kilichochakaa kinakuzamisha hadi vidole vinabeba uzito wote. Baada ya kuvaa, toa pedi za vidole ndani na uache viatu vikauke mahali penye hewa angalau siku nzima, maana jasho ndilo linalolainisha gundi ya ndani. Siyo kwenye mfuko wa plastiki.

Wiki tatu za mwisho

Wiki ya 10 na ya 11, cheza mtihani mzima kwa mpangilio mara 2 kwa wiki, basi. Vaa mavazi yenyewe, nywele zimefungwa, mapumziko yapimwe kama yalivyo kwenye ramani yako. Ukikosea, endelea. Kusimama na kurudia ni tabia, na chumba cha mtihani huitoa nje bila huruma.

Kama mtaala wako una mfululizo usiojulikana, mwombe mwalimu akupe mpya kila darasa: hesabu 16, uoneshwe mara moja, ucheze mara mbili. Tazama miguu na mwelekeo kwanza; mikono mara nyingi hufuata yenyewe.

Wiki ya 12 punguza. Wingi wa kazi ushuke karibu nusu, ukali ubaki: solo moja kwa nguvu zote inafaa kuliko nne za kujikokota. Wanaoongeza mazoezi wiki hii kwa hofu hufika mtihanini miguu ikiwa mizito. Pumzi hujengwa kwa wiki nyingi, na siku tano hazitaongeza chochote.

Usipunguze chakula. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu linawaharibu wacheza baleti wengi wazuri. Anayekula pungufu anapoteza nguvu za kuruka, anachelewa kupona, na mifupa yake inadhoofika. Kukosa hedhi miezi 3 mfululizo ni sababu ya kumwona daktari. Kadhalika maumivu ya mfupa kwenye sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, hasa yakiuma hata usiku: huo unaweza kuwa ufa, na hauponi kwa kuuchezea juu yake.

Siku yenyewe

Kula mlo wenye wanga wa kutosha na mafuta kidogo, saa 3 au 4 kabla ya kuingia. Kitu chepesi dakika 60 kabla ikiwa njaa inarudi. Maji kwa mikupuo midogo.

Fika zaidi ya saa nzima mapema. Pasha mwili dakika 20 hadi 25: kwanza mwendo wa kuamsha mapigo, kisha bari fupi, releve (kupanda juu ya vidole), miruko midogo kama 16, na sehemu ngumu zaidi ya solo mara moja. Usishike mnyoosho mmoja zaidi ya dakika nzima, kwa sababu misuli hupoteza nguvu ya kuruka kwa muda. Mwili ukisubiri, uvishe nguo za joto hadi mlango ufunguliwe.

Ndani, wenzako wanapocheza, simama wima, usiegemee bari. Hamisha uzito polepole mguu hadi mguu ili damu isituame, na toa hewa kwa muda mrefu kuliko unavyovuta: hesabu 2 kuvuta, 4 kutoa. Mapigo yatashuka haraka zaidi.

Kwenye salamu ya mwisho utakuwa unahema, na hakuna anayetarajia vinginevyo. Toa pumzi moja ndefu kabla ya hatua ya kwanza, uso ukitulia, kisha uiname kwa muziki. Ukitoka, usikae chini papo hapo. Vua viatu vya ncha, tembea dakika 5 hadi mapigo yatulie, nyoosha mashavu ya miguu taratibu, na ule ndani ya saa moja.